Maji Tuliyomfungia Vestina

Kawajense, Mpanda
9 Machi 1996

Kaka yangu Maduhu,

Shikamoo. Habari za Kahama, wifi na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila mimi mgongo umechoka, na roho imechoka zaidi.

Uliuliza habari za mpunga. Kaka, mpunga umedumaa. Tangu Januari uko vilevile, mfupi, kijani cha kukolea, haukui wala hautoi machipukizi. Mama anasema umerogwa. Anamtaja Vestina, yule jirani aliyetokea Katumba mwenye jaruba chini ya letu, eti alisimama kwenye tuta akausifia kwa sauti. Basi mama akaziba njia ya kumpelekea maji. Jaruba la Vestina sasa ni nyufa tupu, na watoto wake wanne wanalitegemea hilohilo. Alikuja kuomba mara mbili, mama akamjibu aende akayaombe kwa waganga wake.

Juzi, mama akiwa sokoni, nilimwita bwana shamba Gaudensi. Aling'oa shina moja, akanusa tope, akaniuliza tulipulizia nini. Akasema dawa ya magugu ikikaa kwenye tope lililofungiwa maji, lisilopata hewa, inageuka kitu kingine, na hicho ndicho kinachodumaza mpunga. Tuyaachie maji yatoke, tope likauke wiki moja, huenda tukaokoa nusu. Kumbe tulivyozidi kumkomoa Vestina ndivyo tulivyozidi kujimaliza wenyewe.

Kaka, dawa nilipulizia mimi. Mama alipokwenda msibani Inyonga aliniachia palizi yote. Kuita kikundi cha palizi ni kuwapikia watu kumi na tano, na mimi nilishachoka. Nikaazima bomba la kupulizia, nikamaliza asubuhi moja. Mama aliporudi akanisifu kwa majirani kwamba mwanawe ana mikono ya kazi, nami nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka mwanamke wa watu anaitwa mchawi. Naona aibu. Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie mama, nikaishia kuuliza kama chumvi ipo.

Nakuomba umwandikie mama wewe, umweleze yote haya. Barua umpe mtu anayepanda treni, posta inachelewa na jaruba la Vestina halina wiki mbili. Wala usinihurumie kwenye maneno. Unajua mama hajui kusoma, barua zake zote namsomea mimi. Hiyo yako nayo nitamsomea, neno kwa neno.

Msalimie wifi, na wote wanaoniulizia.

Mdogo wako,
Nyamizi