Kilima cha Wageni

Tarehe 6, mwezi wa pili

Kwako binti yangu, karani mkuu wa wakili,

Nakusalimu wewe, mume wako na huyo mjukuu wangu. Mimi mzima. Magoti ndiyo yamegoma, lakini kichwa kinawaka kama taa mpya. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, hakuna aliyenishikia kalamu. Wenzangu wa kisomo cha watu wazima siku hizi wanapiga simu kama watoto. Mimi nilitoka wa kwanza, cheti kipo ukutani, anayebisha aje akisome, kama anaweza kusoma.

Sasa nina neno. Wale watu wa kampuni ya kokoto wamefika, na si kule walikosema. Wameegesha mashine ya njano yenye jino moja kule bondeni, kwenye njia ya mbuzi, na wamepigilia vigingi vyekundu. Nikawauliza mnatafuta nini hapa. Msimamizi wao, kijana mwenye tumbo kama amemeza ngoma, akasema, "Mawe tu, mzee." Nikamwambia mawe Mungu aliyamwaga dunia nzima, nenda kachukue ya kwenu. Akacheka. Hanijui huyo.

Mwambie wakili wako awaondoe. Si mlisema ile sheria ya mahali patakatifu hata waziri haigusi? Basi iamke. Nawapa wiki moja.

Na mtoto mlete kabla hajaanza kutembea. Nimeshasema mara tatu. Usiniulize kwa nini.

Ni mimi baba yako,
namba moja wa kisomo

*

Tarehe 15, mwezi wa pili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mtoto ana meno mawili na anang'ata kila kitu, hata mafaili ya ofisi nikija nayo nyumbani. Pole na magoti. Ile dawa ya kuchua uliitumia au umempa tena jirani?

Baba, nimefungua faili letu, ramani iko hapa mbele yangu. Mahali petu patakatifu ni kile kilima cha mawe marefu. Kimesajiliwa mwaka wa nne huu, na hatua mia mbili kukizunguka hakuna anayeruhusiwa kuchimba. Kampuni haijakigusa. Bonde la njia ya mbuzi ni mwendo wa saa nzima kutoka pale. Sheria inalinda kilichoandikwa, baba.

Wakili ameniuliza kule bondeni kuna nini. Nikamjibu hakuna kitu, nimechunga pale miaka sita, ni miiba na mavi ya mbuzi.

Kwani kuna nini?

Mwanao

*

Tarehe 21, mwezi wa pili

Mwanangu,

Salamu juu ya salamu. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka jirani akaja kuchungulia kama nimerukwa na akili. Kumbe hata wewe nilikupata!

Sikiliza. Kile kilima hakuna kitu. Pale hakujazikwa hata kuku. Baba yangu alikiita Kilima cha Wageni. Wageni wa kwanza walipokuja kumuuliza babu, "Ninyi mnaomba wapi?" aliwapandisha kule. Wakakuta chungu alichokiweka yeye mwenyewe jana yake, wakakivunja, wakashuka wamefurahi. Wakaja wa pili, wakapandishwa na baba yangu. Wa tatu ndio wale wapimaji uliowaleta wewe na sheria yako, nikawapandisha mimi. Na mimi nimewapita baba na babu wote wawili! Nilipiga magoti, mama, nikalia machozi haya haya ya kweli. Yule mpimaji mrefu akavua kofia, akasema, "Pole sana, mzee." Nikamwambia asante mwanangu. Usiku sikulala kwa kucheka.

Halafu wakanitolea kile kiwino cha dole gumba. Nikakisukuma. Nikawaambia leteni kalamu, mnadhani mnaongea na nani? Nikaweka sahihi yangu yenye mikia mitatu.

Penyewe hasa ni pale wanapopigilia vigingi. Mwambie wakili aandike tu kwamba ni pale. Asiseme ni kitu gani.

Baba yako,
mshindi wa wapimaji

*

Tarehe 1, mwezi wa tatu

Baba,

Shikamoo. Hatujambo.

Barua yako niliisomea chooni, nimejifungia. Chini ya ile mikia mitatu kuna jina langu. "Nimeshuhudia kwamba haya ni kweli." Nililiandika kwa furaha, baba. Nilihangaika miaka miwili na hizo fomu. Nilikuwa nadhani kuna kitu kimoja nimekufanyia ukaridhika nacho.

Nimemwambia wakili. Alifuta miwani, akasema, "Mzee wako ana akili sana. Ndiyo shida." Lakini hajatutupa. Anasema rejista inaweza kurekebishwa kama ombi litafika mahakamani kabla ya tarehe 20, na liwe na mambo matatu: ni wapi kwa alama zinazoonekana, kuna kitu gani, na kinafanyiwa nini. Bila hayo hakimu hatafungua hata ukurasa wa kwanza. "Pale" haitoshi.

Niandikie. Na usione aibu kwa maneno, nitayapanga mimi.

Binti yako

*

Tarehe 7, mwezi wa tatu

Binti yangu,

Nimepata salamu zako fupi kama mkia wa mbuzi.

Siandiki. Baba yangu aliniambia pale kwa mdomo, siku moja, kabla hajafa, akanishika sikio hili la kulia akasema mahali pakiandikwa pamekufa. Anajua mmoja, anamwambia mmoja. Sasa niwape wakili, hakimu, na yule karani wa hakimu anayekunywa chai juu ya makaratasi? Na wa kampuni nao wasome? Sheria gani hiyo, mpaka umvue mama yako nguo ndipo ikubali kumfunika?

Nimeongea na Ngoma Tumboni mwenyewe. Nilimwambia akigusa pale atajuta. Akasema, "Mzee, wewe si ndiye wa kule kilimani? Tumekuheshimu, serikali imekuwekea na uzio." Wafanyakazi wake wakacheka. Nikawaambia wacheke, meno si mali yao, ni ya kuazima.

Mashine imeharibika tangu juzi. Hiyo si bahati. Mimi ni mimi.

Baba yako,
asiyepinda

*

Tarehe 12, mwezi wa tatu

Baba,

Shikamoo. Mashine itatengenezwa. Wana spea, baba, na fundi wao analala kwenye gari.

Zimebaki siku nane. Usiponiandikia, mimi sina la kufanya tena, na sitaki tuje kulaumiana. Niambie mimi peke yangu. Si mimi ndiye mmoja wako? Au ulitaka kumwambia nani mwingine?

Mwanao

*

Tarehe 19, mwezi wa tatu

Mama yangu, mwanangu,

Nakusalimu. Usiulize habari ya magoti.

Mashine imepona. Jana ililima hatua arobaini kutoka pale. Nilizihesabu.

Basi andika. Ukishuka njia ya mbuzi, ukipita miiba miwili iliyoshikana, kushoto kuna jiwe bapa, pana kama kitanda cha watu wawili. Lina mshipa mweupe katikati. Unalijua. Ndilo lile ulilokuwa unachezea ukiwa na miaka saba, umepanga visufuria vyako vya udongo juu yake, nikaja na fimbo nikakuchapa mpaka ukajikojolea. Ukauliza, "Baba, nimefanya nini?" Nikasema pana nyoka. Hapakuwa na nyoka. Sikujua la kusema. Tangu siku ile hukunikimbilia tena nikitoka safari, nami niliona, nikajifanya sikuona.

Kila mtoto wa ukoo wetu anakanyagishwa jiwe lile kabla hajatembea, na jina lake linatajwa kwa waliotangulia, ili akifika kwao wasimuulize wewe nani. Hakuna zaidi. Hakuna dhahabu, hakuna mfupa. Wewe ulikanyagishwa una miezi minane, ukacheka. Ndiyo maana nikasema mlete mtoto.

Nimelibakiza neno moja, la namna ya kukanyaga. Hilo halitaki karatasi. Ukija nitakunong'oneza.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Ameapa itafika.

Baba yako

*

Tarehe 9, mwezi wa nne

Baba yangu,

Shikamoo. Nilitaka kuja nikwambie mwenyewe ila nimenyimwa ruhusa ya kazi. Kaa chini kwanza.

Barua yako ilifika tarehe 21. Kondakta aliisahau chini ya kiti. Wakili alimbembeleza hakimu, hakimu akakubali kusikiliza ingawa tumechelewa, kwa hiyo usijilaumu kwa hilo. Tulishindwa kwa jingine.

Wakili wa kampuni hakuleta shahidi hata mmoja. Alikuleta wewe. Alisoma ripoti ya yule mpimaji mrefu, taratibu, kama anasoma hadithi: "Mzee alipiga magoti, akalia kwa uchungu ambao mtu hawezi kuuigiza." Watu mle ndani waliguswa, baba. Mama mmoja alitoa leso. Wakili wetu akasema ulikuwa mzee wa kijijini, hukuelewa unachosaini. Yule wa kampuni akainua ramani, akaonyesha sahihi. "Huyu alipewa wino wa dole gumba akaukataa. Anajua kuandika kuliko mimi."

Hakimu akauliza ni uongo upi auamini, wa kwanza au wa pili. Kisha akasema mahakama haiwezi kuhamisha utakatifu kila mashine inapohama. Dakika kumi na moja tu. Rufaa tumeandika, lakini rufaa haizuii mashine.

Wakili hajanifukuza. Ila barua zake sasa anazipiga chapa mwenyewe.

Ile habari ya fimbo nimeisoma mara nyingi. Nilidhani ni visufuria. Miaka yote nilidhani ulikasirikia visufuria.

Mwanao

*

Tarehe 2, mwezi wa tano

Mwanangu,

Salamu.

Walipiga baruti Jumanne, saa nne asubuhi. Walitutangazia kwa kipaza sauti tukae ndani. Mimi nilikaa nje. Jiwe lilipanda vipande vitatu, halafu vumbi. Mchana mashine ikala vilivyobaki.

Nilipanda Kilima cha Wageni. Sijui nilifuata nini. Jirani na wengine siku hizi wanapeleka shida zao kule, wanasema serikali isingeweka uzio bure. Kuna bango na kufuli. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, una kibali?" Nikamwambia mimi ndiye niliyepafanya patakatifu. Akasema, "Basi ungejiandikia na kibali hapo hapo." Kwa kweli ilichekesha. Nikashuka.

Baba alisema pakiandikwa pamekufa. Mimi nilipaandika tarehe 19. Wao walikuja kuzika tu.

Cheti nimekishusha ukutani. Usinitumie dawa ya kuchua.

Baba yako

*

Tarehe 30, mwezi wa nane

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kondakta anasema unazipokea, unaziweka mfukoni, humwambii kitu. Hata asante. Alisema, "Mzee siku hizi hajisifu, tunaogopa." Rufaa haijapangiwa tarehe. Wakili haiulizii tena, na mimi sina uso wa kumuuliza.

Wiki hii wanatengeneza barabara iliyo chini ya dirisha la ofisi. Malori yanamwaga kokoto tangu Jumatatu, na ubavuni yamechorwa jino la njano. Nilimuuliza dereva ametoa wapi mzigo. "Bondeni kule, mama, kwa wachunga mbuzi."

Jana saa ya chakula nilimchukua mtoto kwa yaya nikashuka naye. Ameanza kusimama kwa kushika kiti, baba, hajaachia bado. Nilitafuta kokoto yenye mshipa mweupe. Nilipata mbili, ndogo kama punje ya harage, huenda ni zenyewe, huenda si zenyewe. Nilimvua kiatu nikamkanyagisha, nikataja jina lake, kwa sauti, katikati ya mafundi. Mmoja akasema, "Dada, unamfundisha kazi mapema!" Wakacheka. Mtoto naye akacheka.

Sijui kama nimefanya sawa. Lami wanamwaga Jumamosi hii.

Nijibu basi. Hata kwa kunigombeza.

Mwanao

*

Tarehe 1, mwezi wa tisa

Mwanangu,

Ulimkanyagisha mguu gani? Hukuandika.

Ni wa kushoto. Wa kulia ni wa kuondoka. Kama ulimkanyagisha wa kulia, mrudishe upesi, kabla hawajamwaga lami.

Baba