Nilisema Nacheza na Ng'ombe, Wakasikia Nacheza Ng'ombe

Bi Rahila wangu, assalaam alaykum. Nakuandikia hapo redioni, na nakuomba unijibu upesi, kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo nitaingizwa uwanjani mbele ya dume la ng'ombe na mimi sijawahi kucheza ng'ombe hata siku moja, na balaa lote hili limetokana na neno dogo la herufi mbili, na tafadhali sana jina langu usilitaje.

Mimi ni fundi cherahani hapa Chokocho, nina miaka arubaini na tatu, mke mmoja na watoto wanne, na kila siku baada ya sala ya Alasiri nacheza dhumna, yaani domino, na wenzangu barazani kwa Mzee Vuai, ambaye ndiye mwenyekiti wetu. Tumecheza hivyo miaka kumi na moja, na nikwambie ukweli, Bi Rahila, kwenye dhumna mimi si kitu, nafungwa kila siku, na kahawa ikiletwa kikombe changu ndicho cha mwisho, kile chenye mashapo. Silalamiki, nakueleza tu ili ujue hali yangu ilivyokuwa.

Sasa Ijumaa iliyopita Mzee Vuai akaja na fikra mpya. Akasema, "Siye twajuana kwa kete tu, yakhe. Miaka yote hino sijui hata nnaocheza nao ni watu gani. Leo kila ntu aseme, nje ya dhumna apenda kufanya nini." Watu wakaona haya kidogo, lakini mchezo ukaendelea na huku kila mmoja anasema lake. Silima akasema yeye huenda Makangale kila mwezi kuhesabu popo msituni, na ana madaftari matatu yamejaa hesabu ya popo. Mjaka, ambaye ni baharia mwenye ndevu mpaka kifuani, akasema huangalia tamthilia za Kihindi na mama mkwe wake na wakati mwingine hulia. Hamdan akasema huandika barua redioni kusahihisha Kiswahili cha watangazaji. Masika akasema hukusanya funguo ambazo makufuli yake yamepotea, anazo zaidi ya mia mbili. Mzee Vuai mwenyewe akasema hupanda mawaridi. Kila mmoja akichekwa, lakini kicheko cha watu wanaopendana, kisha mchezo unasonga.

Ikafika zamu yangu. Mimi, Bi Rahila, nina ng'ombe jike anaitwa Asumini, na starehe yangu kubwa duniani ni kucheza naye. Namsugua paji la uso, namwimbia kaswida, na tunacheza kibe, yaani mimi najificha nyuma ya mgomba na yeye ananitafuta, na akinipata ananivua kofia. Wallahi ananitafuta kweli, si kwamba nasema tu. Basi Mzee Vuai akaniuliza, "Na weye, Ngwali? Wafanya nini?" nami kwa haya nikajibu chini chini, "Nacheza na ng'ombe," na palepale nilipofika kwenye "na" Masika akapiga kete yake mezani paa! kwa nguvu kama kawaida yake, na hiyo "na" ikapotea.

Unaijua Pemba, Bi Rahila. Huku kwetu ukisema mtu anacheza ng'ombe hakuna anayefikiria kibe. Ni yule anayeingia uwanjani na kitambaa mbele ya dume aliyefungwa kamba ndefu, ngoma zinalia, wanawake wanaimba, watu wamepanda juu ya miti ya mikungu, dume anamjia na yeye anakwepa. Masika akasema, "Yakhe! Ntu kimya kimya vile, kumbe acheza ng'ombe!" Mzee Vuai akasimama akanipa mkono, akasema, "Mie nlijua. Nlijua Ngwali ana lake." Kahawa ilipokuja nikapewa kikombe cha kwanza. Nikasogezewa na mto wa kuegemea.

Nilitaka kusema, naapa nilitaka, lakini kahawa ile ilikuwa tamu sana, na nikajiambia nitasema nikimaliza kikombe, na kabla sijamaliza Hamdan akaniuliza kama nimewahi kuumizwa, na mimi nina kovu mkononi la pasi, pasi ya makaa niliyoiangusha nikinyoosha suruali ya mtu mwaka wa juzi, nikaliangalia tu lile kovu, kisha nikaona kila mtu analiangalia, kisha nikasikia mdomo wangu unasema, "Pembe." Sijui lilitokea wapi neno lile.

Basi. Mzee Vuai ana shemeji yake kule Wingwi mwenye dume anayeitwa Nenda Kwenu, na Jumamosi hiyo kuna mchezo huko, na kesho yake tu alikwisha piga simu na jina langu limeandikwa. Wenzangu wamekodi gari la kutoka huku kusini mpaka kule kaskazini, waje wote kuniangalia. Wameamua wavae fulana za rangi moja na wamenipa mimi kazi ya kuzishona, kwa hiyo nakaa cherahanini najishonea msiba wangu. Na kitambaa chekundu cha kumchezea dume nimekipiga pindo kwa mikono yangu. Jumatatu nikaona nifanye mazoezi, nikaenda bandani nikamtikisia Asumini kitambaa kile kwa ukali, na Asumini akakitafuna pindo.

Mke wangu Mwanakhamis amezisikia habari kisimani, akarudi akanisimamia mlangoni, akasema, "Nambie mume wangu, Asumini akivuta kamba waanguka kifudifudi. Hilo dume utalicheza na nini, na mkasi?" Kisha akaniambia nikufungulie moyo wewe, au aende yeye barazani akaseme. Mimi nimefikiria nijifanye nina homa, au nipande meli niende Unguja kwa dada yangu mpaka mambo yapoe, au niingie tu uwanjani nijikabidhi kwa Mungu. Nikisema ukweli watanicheka maisha, na kikombe cha kwanza nitakipoteza, na Bi Rahila, ndani ya miaka kumi na moja hii ndiyo wiki pekee niliyojiona mtu mbele yao. Nifanye nini?

Ni mimi mwenye dhiki,
Mcheza NA Ng'ombe, Chokocho

*

Waalaykum salaam, Mcheza na Ng'ombe.

Kwanza, uliniomba nisitaje jina lako na wewe mwenyewe ukalitaja katika barua. Nimekubadilishia, na wenzako wote nimewabadilishia, hata ng'ombe. Dume nimemwacha na jina lake kwa sababu jina lile peke yake ni ushauri kamili, na ungelisikiliza ungekuwa umeshaniokoa kazi ya kuandika.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mtoto wa jirani akaja kuchungulia. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu nilifika pale kwenye kikombe cha mashapo na nikakuonea huruma kweli. Miaka kumi na moja kunywa mwisho si mchezo, na anayesema hapendi kupewa kikombe cha kwanza anadanganya. Kwa hiyo hapo tunaelewana.

Lakini mwanangu, tutenganishe. Ile "na" iliyomezwa na kete si kosa lako, ni la Masika na mkono wake mzito. Ungenyamaza hapo tu ningekutetea. Hilo la "pembe" ni lako peke yako. Kete haikupigwa, hakuna aliyekohoa, ulitazama kovu la pasi ukasema pembe. Usiniambie hujui neno lilitokea wapi. Lilitokea mdomoni mwako, na mdomo uko usoni kwako.

Na sasa nikuulize swali moja. Barazani pale yupo mtu mzima anayehesabu popo na kuwaandika daftarini. Yupo baharia mwenye ndevu anayelia na mkwewe mbele ya tamthilia. Yupo anayetunza funguo mia mbili ambazo hazifungui kitu chochote katika dunia hii. Na yule wa kusahihisha watangazaji, ambaye namjua vizuri kwa sababu barua zake ninazo rundo zima, juzi tu kaniandikia kwamba nimekosea ngeli. Hao ndio unaowaogopa? Hao ndio utakaowaficha kwamba unamwimbia ng'ombe kaswida? Ungeisema ile "na" kwa sauti, ungekuwa mtu mwenye akili kuliko wote pale.

Homa ya uongo usijaribu. Mzee Vuai atakuja kukuangalia na mawaridi, na utalala hapo unanusa uongo wako. Unguja pia usiende, kwani meli itakurudisha na wenzako watakusubiri gatini na fulana zao. Na hilo la kuingia uwanjani ukajikabidhi kwa Mungu, nakukataza kabisa. Usimwingize Mwenyezi Mungu katika jambo uliloliharibu kwa kikombe cha kahawa. Mimi nimezaliwa huko huko Wingwi na kaka yangu alicheza ng'ombe ujana wake. Alianza kujifunza akiwa mdogo, na watu waliomfunza waliujua mguu wa dume ukigeuka kabla dume mwenyewe hajajua. Siku moja alikuwa anafikiria jambo jingine. Alikaa kitandani miezi mitatu. Wewe una watoto wanne na ng'ombe anayekuvua kofia, na mazoezi yako yote yameliwa pindo.

Basi sikiliza utakavyofanya. Leo hii, usingoje kesho, kabla ya Magharibi nenda kwa Mzee Vuai nyumbani kwake, si barazani, mkiwa wawili. Mwambie neno kwa neno, na kovu uanze nalo, kwa sababu ndilo litakalokuwasha zaidi kulisema na ukishalisema mengine ni mepesi. Mwombe apige simu kwa shemeji yake mbele yako na jina litolewe. Usiondoke mpaka umesikia kwa masikio yako kwamba limetolewa. Akikasirika, mwache akasirike. Anayepanda mawaridi hasira zake hazikai.

Ijumaa ukae barazani kama kawaida. Kabla hujafungua mdomo, waambie wote waweke kete chini na mikono juu ya magoti, Masika hasa. Kisha useme: mimi nacheza NA ng'ombe. Uitamke hiyo "na" mpaka isikike mjini Mkoani. Wasimulie kibe na kofia, na wakitaka kuona, wakaribishe bandani wakajifiche wenyewe nyuma ya mgomba. Nina hakika Silima atakuja na daftari.

Fulana uzimalize, umeshazianza. Jumamosi panda gari nao mwende Wingwi mkaangalie wachezaji wanaojua kazi yao. Ukae nyuma kabisa, karibu na akina mama, na ukiona vumbi uondoke wa kwanza wala usione haya. Mwanakhamis umnunulie kitu kizuri huko kwa kuwa na akili ya watu wawili.

Kikombe cha kwanza kitaondoka, nakuambia wazi usije ukanilaumu. Huenda kikarudi siku utakayomfunga Masika kwa dhumna, na huenda kisirudi. Watakucheka Ijumaa, watakucheka garini kwenda na kurudi, watakucheka mpaka Ramadhani ipite. Waache. Wewe ni fundi, unajua nini kinashoneka. Kicheko hakihitaji nyuzi. Tumbo lililopasuliwa na pembe linazihitaji, na siku hiyo mshonaji hatakuwa wewe.

Bi Rahila