Sahani Nyeusi Chini ya Nailoni

Jumanne, 3 Machi

Siku ya kwanza ya likizo kutoka gazetini. Nimeshaipoteza.

Mdogo wangu wa kike, daktari wa meno, ameacha kazi ya hospitali baada ya miaka kumi na moja ili afungue chumba chake cha kutibu meno. Mkaguzi wa leseni anakuja Jumatatu, saa tatu asubuhi. Akikataa, zamu nyingine ya ukaguzi ni baada ya miezi sita. Chumba hakijapakwa rangi. Kiti cha wagonjwa kimeshafungwa: boliti nne ndani ya saruji, bomba la maji, waya. Ngozi bandia ya kijani kilichokoza, karibu nyeusi. Fundi wa viti alikuwa na nafasi jana tu, kwa hiyo kikafungwa jana. Tumetandika kitanda, sasa ndiyo tunataka kufagia dari.

Dari lenyewe ni la mbao zenye mifereji. Rola haiingii mle, na brashi itachukua wiki. Fundi rangi anasema ni kupuliza kwa mashine, basi. Nikamuuliza ule ukungu wa rangi huwa unakwenda wapi.

— Unakotaka wenyewe, dada mkubwa.

Sikulipenda jibu. Nadhani ni la kweli.

Jumatano, 4 Machi

Mtaani fundi anaitwa Ukungu. Jina la namna hiyo halimwangukii mtu bure. Nikavuka barabara kwenda kwa kinyozi, chanzo cha habari cha karibu zaidi.

Miaka miwili iliyopita Ukungu alipuliza rangi duka linalopakana na la kinyozi. Juu ya ukuta wa pamoja kuna mwanya wa vidole vinne. Vioo vitatu vya kinyozi vikapata vitone vyeupe, havitoki hadi leo. Nimevikagua. Kweli. Kinyozi anasema kila mteja anayekaa pale anauliza mvi zimeanza lini. Wawili wamenyoa para kwa uchungu, na mmoja hana hata unywele mweupe!

Muda wote alikuwa ameshika shavu la kushoto. Jino. Hataki kulizungumzia.

Jioni nikampa fundi nafasi ya kujibu, kama desturi ya gazetini. Hakukana. Nozeli, ile ncha ya mashine inayotoa rangi, ilikuwa kuukuu, tundu limepanuka. Presha juu. Na alikuwa na haraka. "Makosa matatu. Andika."

Nimeandika.

Alhamisi, 5 Machi

Asubuhi nzima dukani na fundi, tukichagua vifaa. Mwenye duka alidhani ni mume na mke, jinsi tulivyobishana.

Nozeli mpya, nyembamba. Hiyo hatukubishania. Bati jepesi lenye mpini, la kushika mkono wa kushoto huku wa kulia unapuliza, likate ukungu pale dari linapokutana na ukuta. Fundi alisema yeye hahitaji bati, ana mkono. Nikamkumbusha vioo vitatu. Bati tukalichukua. Pazia la nailoni lenye zipu, la mlangoni. Feni ya kuweka dirishani, itoe hewa nje, na kitambaa cha kuchujia ili magari ya watu huko nje yasalimike.

Nikajitolea magazeti yangu ya zamani kufunika kiti. Fundi akacheka hadi akakohoa. Gazeti hunywa rangi, alisema, kisha huitema upande wa pili. "Magazeti yenu yamezoea kuvujisha siri. Mimi sitaki yavujishe na rangi." Nailoni basi, na tepu ya karatasi kila ukingo.

Mchana tukafanya jaribio kwenye stoo ya nyuma. Nimeleta sahani sita nyeusi kutoka jikoni kwangu. Mbili ndani, nne kando ya korido, hatua moja moja. Mashahidi. Kwanza nozeli ya zamani, bila pazia, kwa makusudi. Sahani ya mwisho, hatua nne kutoka mlangoni: vitone kumi na saba. Mdogo wangu akaichukua, akaipeleka kwenye mwanga kama picha ya eksirei. Akaenda kunawa mikono.

Ijumaa, 6 Machi

Jaribio la pili. Nozeli mpya, presha chini, bati, pazia, feni. Korido: sifuri. Zote nne.

Ndani, hatua mbili kutoka kwa mpulizaji: vitone vingi, ila vikavu. Nilipopitisha kidole vikatoka kama unga. Sahani iliyokuwa chini ya fundi kabisa: vibichi, vinanata. Fundi alieleza. Chembe inayosafiri mbali hukaukia hewani, ikifika ni vumbi. Inayoanguka karibu hufika mbichi, ikakauka pale pale. Kwenye ngozi bandia ikishakauka ni kukwangua, na ukikwangua umeharibu kiti.

Kwa hiyo yote yanategemea nailoni ya kiti. Nimemuuliza mara mbili. Tepu kila ukingo, amesema mara mbili.

Mdogo wangu hali chakula. Anakunywa chai tu na kupanga upya koleo zake kutoka trei moja hadi nyingine.

Jumamosi, 7 Machi

Fundi amefunika kiti saa nane mchana. Nilihesabu: vipande kumi na vinne vya tepu, kuanzia kichwa cha kiti hadi kanyagio. Hata taa ameivalisha mfuko. Kisha akaondoka kwenda kuchukua mashine.

Saa kumi akaingia kinyozi, shavu limevimba kama amebana ndimu. Akasema hakuja kutibiwa, amekuja tu kutazama kama Ukungu ameanza kuharibu. Mdogo wangu akamwambia kaa.

— Lakini daktari, si umefunika?

— Shemeji, kaa!

Kinyozi si shemeji yetu kwa upande wowote. Ndivyo anavyoita wagonjwa waoga. Akabandua nailoni, akamlaza, akatazama dakika tano. Hakugusa chombo, leseni bado. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali Jumatatu asubuhi. Kinyozi alishuka akilalamika kwamba kiti ni kizuri kuliko chake.

Kisha mdogo wangu akakifunika tena mwenyewe. Kazi nzuri. Kona zimekunjwa pembe kwa pembe, zimechomekwa chini, kama shuka la wodi. Unadhifu wa miaka kumi na moja. Nikainua ukingo wa nailoni upande wa miguu, nikaweka sahani moja nyeusi juu ya ngozi, nikaufunika tena. Uliinuka kirahisi.

Jumapili, 8 Machi

Saa 6:10 mchana. Fundi ameanza. Barakoa, kofia, miwani. Anakwenda taratibu, bati mkono wa kushoto. Nimemwona akipuliza kwanza kwenye kipande cha boksi, akipandisha presha kidogo kidogo hadi michirizi ya rangi ya pembeni, anayoiita mikia, ikapotea. Haraka hana. Kinyozi amevuka barabara mara mbili, amechungulia, amerudi bila maneno. Kwake hiyo ni sifa.

Saa 8:40. Dari limekwisha. Zuri. Mifereji yote imejaa, hakuna tone lililoning'inia. Fundi ametoka kupitia zipu, mweupe hadi kope. Anasema tusubiri saa nzima ukungu ushuke ndipo tufunue.

Saa 8:50. Nimekaa koridoni, daftari gotini. Nimechungulia kupitia pazia. Feni inavuta. Kona ya nailoni ya kiti, upande wa miguu, inapepea.

Inapepea!

Nikamwita fundi. Akachungulia, akaitafuta tepu yake, hakuiona hata kipande.

— Nani amefungua kiti changu?

Mdogo wangu akasema ni kiti chake. Na alikifunika vizuri, aliwahi kufunza wauguzi kukunja vile. Fundi akasema mgonjwa wa wodini halali chini ya feni ya aina hii, mama. Hakupandisha sauti. Ningependelea angepandisha.

Sasa hoja ni hizi. Mdogo wangu anataka kuingia mara moja na kitambaa chenye maji, afute kabla rangi haijakauka. Fundi anasema akiinua nailoni sasa, ukungu wote ulio hewani unashukia kiti kizima. Tukizima feni, ukungu unaanguka. Tukiiacha, kona inazidi kupepea. Kama kilichoingia ni vumbi, kusubiri ni salama. Kama ni kibichi, kila dakika ni hasara.

— Ni kiti changu, bwana! Kesho saa tatu atakikalia mkaguzi!

— Na ukungu ni wangu, daktari. Ukienda vibaya, hakuna atakayekumbuka shuka lako. Jina wanalo tayari.

Saa 9:05. Fundi ameuliza kitu kimoja tu, na ameniuliza mimi. Kona ile jana ilikuwa imechomekwa kwa kina, au kwa juu juu? Kama kwa kina, imefunguka mwishoni tu, basi ni vumbi. Kama kwa juu juu, imepepea tangu tone la kwanza, na upande ule wa dari ndio alioanza nao, basi kilichoingia ni kibichi.

— Wewe ndiye mwandishi, dada mkubwa. Uliona.

Nimefungua ukurasa wa jana. Nimeandika pembe kwa pembe. Nimeandika unadhifu. Neno tepu halimo. Nimeandika pia kwamba ukingo uliinuka kirahisi, na mkono wa mwisho kuurudisha ulikuwa wangu.

Nimewasomea sentensi hiyo kama ilivyo, na ile ya sahani nyeusi iliyo chini ya kona hiyo.

Fundi ameshusha barakoa. "Juu juu, basi." Mdogo wangu ameshalowesha kitambaa, na mkono wake uko kwenye zipu.