Plasta Iliyohama Mkono

Nakuru,
Jumapili.

Kwa ndugu yangu mpendwa Kiptum,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi ni mzima, ni kifua tu kinanisumbua na hii baridi. Mama anaendeleaje na magoti? Na hapo Elburgon, mashine yenu ya kupasua mbao imekubali kuwaka?

Uliniuliza kama ile sinema yetu ya vichekesho vya chuo ni mbaya vile vijana wa kanisa walisema. Ni mbaya kuliko hivyo. Quincy, mwelekezi wetu, anajiita msanii, lakini hata ng'ombe wa kwenda dipu kuogeshwa dawa hawezi kuwaelekeza. Mkuu wa chuo anaingia ofisini na masharubu, anaketi bila masharubu. Msichana wa maktaba anauma chapati, tukimrudia chapati ni nzima. Nyumba ya huyo mkuu ilikuwa ya mtu wa mtaa wa Milimani aliyetupa siku moja tu, kwa hivyo mazungumzo ya sebuleni yalimaliziwa jikoni mwa chuo, na ukiangalia nyuma yake utaona sufuria za githeri. Anayeigiza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Hiram, ana wajukuu. Naye Kosgei, nyota wetu, hakariri maneno matatu. Kila akigeuza mgongo, sauti unayosikia ni ya dereva wetu.

Lakini kilichochekesha watu zaidi ni plasta. Kosgei anaanguka kwenye ngazi, anavunjika mkono wa kushoto. Akitoka hospitali, plasta iko mkono wa kulia. Quincy aliona kosa hilo tukiwa tumeshafunga kazi pale chuoni. Akamfukuza Abby mbele yetu sote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akifunga plasta. Nawe, mchumba wake, ukampigia simu ukamwambia kama bandeji imemshinda, nyumba ataiweza vipi. Tangu siku hiyo hamjaongea.

Kiptum, si Abby. Kazi ya kupiga picha kila kitu na kuandika daftarini kilivyokuwa, ili kesho kirudi vilevile, ilikuwa yangu. Asubuhi ya kuigiza ile sehemu ya hospitali, Abby alikuja akaniuliza ni mkono gani. Mimi nilikuwa nikimcheka Kosgei na wenzangu. Sikufungua picha. Nikamwambia ni wa kulia. Alipofukuzwa alinitazama, akingoja niseme. Nikainamia daftari. Hakunitaja kwa Quincy, wala kwako, kwa sababu mimi ni dada yako.

Jana nilimwambia Quincy ukweli. Akasema sinema imeshatoka, nisimsumbue. Nikaenda hadi mtaani kwake, Section 58, nikamkuta Abby akianika nguo. Nililia sana. Yeye aliendelea kuanika, kisha akaniuliza kama nimekuambia wewe. Nikasema bado.

“Basi hujakiri kitu, Jerotich,” akasema. “Umelia tu.”

Ndiyo maana naandika. Kwa simu ungenikatiza, nami ningepata nafasi ya kujitetea. Tafadhali usimpigie Abby kumwambia umemsamehe, maana hana kosa. Njoo Nakuru umwombe msamaha ana kwa ana, na usitarajie chai.

Nisalimie Mama, umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Ukinikasirikia, ni haki yako.

Ni mimi dada yako,
Jerotich