Kinywa Kilichojaa Karanga

Mpendwa dada Teresina,

Swali limenisumbua tangu nianze ukalimani: je, anayetamka uongo wa mwajiri ni mwongo pia?

Mama hajambo, mvua imeanza. Bwana Qiu, msimamizi wa barabara, hajui kuchapa. Huzungumza Kichina na kompyuta huandika. Jana, akitafuna karanga, alitamka ripoti ya ajali, kwamba Lokosang, dereva wetu aliyekufa barabarani huko Nesitu, alikuwa amelewa. Kompyuta haikumwelewa. Akanisukumia kipaza sauti kilicholowa mate.

"Sema wewe, Lilly. Polepole, bila kulia."

"Mjane wake atanyimwa fidia, Bwana. Sisemi."

Akameza, akarudia mwenyewe. Maneno yakajipanga safi kwenye kioo. Nilitoka nje.

Hata hivyo, dada, sina hakika kwamba alidanganya. Lokosang tulimzika kabla hajapimwa pombe.

Mdogo wako,
Lilly