Shangazi, Nilishika Biblia

Shikamoo, Shangazi.

Nimeweka kalamu chini kidogo, nikisubiri ile marahaba yako ya kuvuta, uliyokuwa ukiitikia huku umebana kitana kwa meno. Haikuja. Basi naendelea.

Nakuandikia kutoka kambi ya wakimbizi. Usinune. Najua ulivyohangaika miaka yote nisirudi huku, na ungekuwa hai ungenichapa kofi la mgongo kabla hujaniuliza nimekula nini. Nisikilize kwanza. Nimerudi kwa ajili yako, na mpaka leo sina hakika kama ungeniruhusu.

Saluni yako ya Rusimbi imefungwa. Binti yako Swaumu amegawa viti, amebaki na kioo tu. Anasema akijitazama humo anakuona nyuma yake unamgawa nywele kwa ncha ya kitana. Mimi sikuweza hata kuingia. Ile harufu ya dawa ya kulainisha nywele imeganda ukutani. Zamani ilikuwa harufu ya siku za harusi, wanawake wanacheka, wewe unamtania bibi harusi kwamba mume atateleza kichwani. Sasa ikinijia puani nakuona umejikunja kitandani hospitali, umeshika tumbo, unaniuliza kama nimefunga mlango wa saluni.

Nakukumbuka siku uliyonikuta sokoni Ujiji nasuka watoto. Nilikuwa nimetoroka kambini, nimekonda, naogopa hata kivuli changu. Ulisimama ukatazama vidole vyangu, ukasema, "Mikono hii hailali njaa." Jioni ile nilikula kwako ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, na kabla sijamaliza umeshanipa jina. "Ukiulizwa, wewe ni Zena, mtoto wa kaka yangu wa Kasulu. Ukijisahau ukasema Kirundi, sema ni Kiha cha kwetu. Nani atajua?" Ukacheka mpaka ukapaliwa. Hukuwa na kaka Kasulu. Hukuwa na kaka popote.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Zena. Na Zena ndiye uliyemtuma kwenye ua wa bwana mmoja mwenye duka la jumla, na dumu tupu la mawese. Kila msusi alikwenda na dumu lake; ndiyo ilikuwa desturi yetu, dawa ilichotwa kwenye pipa kama mafuta. Nyingine ilitoka na rangi ya mawese, na wateja wakasema hiyo ndiyo yenye rutuba! Ubavuni mwa pipa palikuwa na picha ya mkono unaoungua. Nilimuuliza, akaniambia ni alama kwamba dawa ina nguvu. Nilipokuletea habari hiyo ulifurahi, maana nani anataka dawa legelege? Mteja akilia ulimpepea na kumwambia, "Vumilia mama, ikiwasha ndiyo inashika." Tuliamini hivyo sote. Ulivaa mifuko ya plastiki, zile rambo, mikononi ukaikaza kwa mpira, na rambo zilipopigwa marufuku ukaingiza mikono mitupu. Kucha zako zikaisha moja moja, ukawa unazipaka hina ili zisionekane.

Daktari hakuapa kwamba dawa ndiyo iliyokupa ule uvimbe wa tumboni. Alisema tu kwamba hakuna anayepaswa kushika kitu kile kwa mikono mitupu, wala kukipaka kichwani mwa mtu. Ndipo ukajifunga kanga mbili na kwenda kwa wakili, na nyuma yako wakafuata wanawake wenye makovu utosini. Ulikuwa huwezi kusimama bila kushikwa, lakini kesi ya kumshtaki mwenye duka uliifungua wewe.

Ukafa kabla haijasikilizwa. Sina namna nzuri ya kuliandika hilo. Ukafa, na mimi nikaachwa na maji ya moto uliyoniagiza nichemshe.

Nilinyoa nywele zangu zote, Shangazi, kama tunavyofanya kwetu tukifiwa. Wanawake wa msibani walinishangaa, wakamuuliza Swaumu huyu Mha wa wapi. Sikujali.

Swaumu akaiendeleza kesi kwa niaba yako. Yule mwenye duka akaja na wakili wake, akasema hajawahi kuuza dawa ile, pipa halijui. Akasema wewe ndiwe uliyekuwa ukiipika jikoni kwako kwa magadi na sabuni, kwamba umewaunguza watu na umejiua mwenyewe. Wewe! Uliyekuwa ukinusa hata mafuta ya nazi kabla hujamgusa mtu! Dumu letu halikuwa na karatasi wala jina la kiwanda. Aliyeliona lile pipa kwa macho na akawa tayari kusema ni mimi tu. Wasusi wengine bado walichota kwake. Wakili wetu, mama mpole, aliniambia halazimishi mtu. Swaumu aliniwekea chakula akatoka nje, nami nikajua anajua kwamba nikipanda kizimbani naweza kurudishwa kambini.

Siku ile nilipanda kizimbani nikiwa bado Zena. Nilijiambia nitasema habari za pipa, nitashuka, nitarudi zangu Rusimbi. Karani akaniuliza kitu kidogo sana, dini yangu, ili anipe kitabu cha kuapia. Zena angechukua Msahafu. Shangazi, sikuunyoshea mkono. Umenilea, nimefuturu nawe kila Ramadhani, lakini jina lako lilikuwa limechafuliwa kwa uongo mbele za watu, na mimi nije kulisafisha kwa uongo mwingine? Nikaomba Biblia. Ukumbi ukanong'ona. Nikasema jina langu ni Goreti, nimezaliwa Makamba, Burundi, ni mkimbizi. Halafu nikasema pipa, ua, picha ya mkono na dumu la mawese, na yule bwana akaacha kutabasamu.

Hukumu bado. Ila Swaumu ananiambia pipa limechukuliwa, na wasusi wengine wawili wamejitokeza kusema nao walichota palepale. Hakuna tena anayesema ulipika dawa jikoni.

Mimi nilitakiwa kurudi kambini, nikarudi. Maofisa hawakunitendea vibaya. Jana wasichana wa hapa waliniomba niwatafutie dawa ya kulainisha. Nilikataa, nikawasuka, nikawaambia sababu. Nywele zangu zimeota tena, ngumu, za kipilipili, na nakuahidi hakuna kitakachozichoma. Nakuahidi pia hukumu ikitoka, iwe ya kucheka au ya kulia, nitaomba kibali nije Ujiji nikuambie mwenyewe, nimekaa chini pembeni ya kaburi lako.

Pumzika sasa. Mlango wa saluni nimeufunga.

Lakini kuna jambo moja sijakuambia. Wakili wa yule bwana alipoona nimemwaga yote, alisimama akaniuliza kwa dharau: kama mimi ni Mrundi, si Zena, si wa Kasulu, basi marehemu ni nani kwangu? Biblia ilikuwa palepale mbele yangu. Nilikuwa nimeapa kusema kweli tupu.

Nikamjibu, "Ni shangazi yangu."

Goreti wako