Magurudumu Yaliyolala

Gishubi, Jumapili baada ya misa

Mama Imelda wangu,

Amani ya Bwana ikufikie hapo Muyinga, wewe na dada yako. Huku tu wazima, na maharage yamekubali.

Lile greda kuukuu la kuvutwa, tulilopewa na mapadri wa Mutoyi, sasa linasawazisha njia. Mwanzoni lilikataa, na kosa lilikuwa langu. Nilikuta magurudumu yamelala upande, nikadhani yamepinda, nikayanyoosha. Kila tulipolivuta kwa trekta, udongo ulilisukuma mtaroni. Fundi Fredi akanicheka: "Baba Imelda, we ukisukuma gari lililokwama unasimama wima?" Kumbe yalitengenezwa yaegemee mzigo. Nikayalaza, likatulia. Mvua ije tu, maji yanajua pa kupita.

Pale gari lilipokwama na binti yetu akiwa na uchungu wa kuzaa, nimepasawazisha mara tatu huku nikisali. Ulisema hutarudi kwenye njia iliyomuua Imelda, nami sikulaumu. Ila juzi mke wa jirani yetu Elikana alipitishwa palepale, akafika zahanati, akajifungua salama. Anauliza utakuja lini kumbeba mtoto.

Mumeo akuombeaye,
Longino